Mahali Pako Chini ya Kikapu

Mama Mumo,

Kreti yako ya soda bado iko kwenye uwanja wa mpira wa kikapu. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu najua ndilo ambalo ungeuliza, hata kabla ya kuuliza habari za watoto wako au za kaburi lako kule Mwala, ambalo wamelijengea vizuri. Huwekwa pale pale ulipokuwa ukiketi na kamera yako, chini ya kikapu cha upande wa vilima vya Iveti, kulia kwa nguzo. Kabla ya kila mchezo wasichana wa timu huitoa stoo, huipangusa kwa taulo na kuiweka. Hakuna anayeikalia. Refa mwenyewe akifuata mpira upande ule, huizunguka.

Nilikuonea wivu ulipokuwa hai. Nilidhani kifo chako kingenipumzisha.

Ulichagua mahali kwa akili, sitakunyima hilo. Jua la alasiri lilitoka ubavuni, juu ya bega lako, likiwaangaza wachezaji usoni. Msichana wa mkono wa kulia akiruka kufunga, mkono na mpira vilikuwa upande wa pili, havikumziba uso. Na kwa kuwa uliketi chini kabisa, hata mfupi wao alionekana anapaa. Yote hayo uliyajua bila kuyasoma popote, baada ya maisha mazima ya kupiga picha za pasipoti kwenye studio yako mjini, ukiwaambia watu wainue kidevu. Mimi niliyenunua kamera baada ya kustaafu kufundisha jiografia, ulinituma kwenye ngazi za ukumbi wa parokia.

"Wewe ni mtu wa ramani, Mwalimu," ulisema. "Panda huko juu utuchoree uwanja."

Nikapanda. Nilipiga picha za kweli, Mama Mumo. Kutoka kule juu unaona nani ameacha pengo, nani amechoka na anajificha nyuma ya mwenzake, nani yuko peke yake na hapewi mpira. Wasichana walizitazama kwa adabu, kila mmoja akitafuta kichwa chake, kisha wakauliza, "Na za Susu ziko wapi?"

Susu. Walikuita hivyo kama nyanya yao wa kuzaa. Mimi ni Mwalimu mpaka leo.

Labda mtu ambaye hajafukuzwa mahali hawezi kuelewa kwa nini kreti ya plastiki itamaniwe. Tangu tuchomewe nyumba Bonde la Ufa, nimeishi Kola miaka mingi kuliko niliyoishi kule nilikozaliwa, na bado sokoni naulizwa kwetu ni wapi. Wewe ulifika uwanjani, ukaisukuma kreti kwa mguu, ukaketi. Hukumwomba mtu. Mimi hata kwenye zile ngazi huuliza kwanza kama kuna mwenyewe.

Basi fainali na wasichana wa Tala ilipokaribia, niliazimia kukaa hapo pako. Nilitaka picha yangu moja iingie ukumbini, kwenye ule ukuta uliojaa zako. Moja tu. Nilimwendea kocha Kyalo, akajikuna shingo.

"Mwalimu, si utafute upande mwingine? Hapo ni pa Susu."

Nikamwambia kamera haipigi picha za heshima. Hakucheka. Mbithe, nahodha wao, ndiye aliyeniokoa. "Wacha akae, kocha. Lakini Mwalimu, kreti usiisongeshe."

Nikakaa. Ulikuwa mchezo wa kirafiki, Jumamosi moja kabla ya fainali. Goti lilinilalamikia, na mpira ulinikosa sikio kidogo tu, lakini jua lilikuwa mahali pake na mahali palikuwa pangu. Mbithe alifunga, Mwende alifunga, nami nilibonyeza kila mara kwa wakati. Nilirudi Kola nikiwa mtu mwingine.

Nilipozifungua picha kwenye kompyuta, zilikuwa migongo. Mchezaji akiruka alionekana, ndiyo, lakini uso umekaza, macho yako kwenye ringi. Na ile furaha ya baada ya kufunga, ile iliyojaa ukutani mwako, haikuwepo. Anayefunga hasimami kumfurahia mpiga picha. Anageuka na kukimbia kuzuia upande wa pili. Nilikuwa na nambari saba mgongoni, nambari kumi na moja mgongoni, na mkia wa nywele za Mwende ukiwa angani.

Nikaenda ukumbini nikazitazama zako, moja baada ya nyingine, kama nilivyokuwa nikisahihisha mitihani. Nyingi zina kitu kimoja. Mwili umekwisha kugeuka, mguu mmoja uko tayari kukimbia, lakini uso umerudi nyuma. Umerudi kwako. Wanacheka au wanatoa ulimi.

Ndipo nikakusikia. "Usinipe mgongo, wewe! Sikuja kupiga picha ya jezi!" Kila walipofunga ulipiga kelele hizo, na mimi kule juu kwenye ngazi nilikunja uso, nikasema moyoni kwamba mwanamke huyu hana utulivu. Uliwaita kwa majina. Uliwaita kwa majina ya mama zao. Mmoja ulimwita Mbuzi wa Mwala na alikupenda mpaka akalia kaburini asiweze kusimama.

Hivyo kumbe sikuwa naonea wivu kreti. Kreti ningeweza kuikalia. Nilisimama mbele ya ukuta ule nikawa na wivu mkubwa kuliko ule wa kwanza, maana sasa niliujua ni wa nini.

Siku ya fainali sikukaa hapo pako. Kyalo alifikiri nimeona aibu, nami nikamwacha afikiri. Nilifanya hesabu yangu mwenyewe: kama wakifunga wanakimbia, basi wanakimbilia wapi? Nikaenda nyuma ya kikapu cha pili, kile cha upande wa barabara, nikaketi chini upande ule ule wa jua, na lenzi ndefu niliyokuwa nikikupa ukaikataa ukisema ni nzito kama mtoto wa jirani. Katika nusu ya pili wasichana wetu walishambulia kikapu cha upande wako, mbali nami. Walipofunga, uwanja wote ulinijia usoni.

Mbithe alifunga kikapu cha mwisho cha muda wa kawaida. Tala walikuwa mbele kwa kikapu kimoja, kwa hiyo tulilingana tu, na katika muda wa nyongeza tukashindwa. Lakini wakati ule hakuna aliyejua tutashindwa. Alikuja mbio kuelekea kwangu, mdomo wazi, mikono imefunguka, kelele za watu zikiwa nyuma yake. Ndiyo picha bora niliyowahi kupiga. Na nitakuambia wewe kile nisichomwambia mtu mwingine: hakuwa ananitazama. Alikuwa anamtafuta msichana wa Tala wa kumkaba.

Wameitundika. Imo ukumbini, karibu na mlango. Nilialikwa siku hiyo, tukanywa chai, na Mbithe akarudi nyuma hatua chache kuitazama vizuri. Akaweka mkono begani mwangu.

"Mwalimu, hii ni kama ya Susu kabisa."

Nilishukuru. Nikamaliza chai, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi zangu. Watu watakuambia marehemu haonewi wivu. Hao hawajafanya kazi karibu nawe.

Jumamosi iliyopita ilikuwa mazoezi tu. Hakuna watazamaji, wingu limefunika Iveti, mwanga mbaya wa kijivu, na hakukuwa na sababu ya kuchagua upande wowote. Nilisimama kwenye mstari wa kati, mahali ambapo hatukuwahi kukaa, wewe wala mimi. Mbithe alifunga, akageuka aende zake. Nami nikajaribu.

Nilitaka kupiga kelele kama zako, Mama Mumo. Nilikuwa nimezifanyia mazoezi jikoni. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ile ya asubuhi darasani, ya kuita majina ya wanafunzi, imenyooka na haina mzaha.

"Mbithe Mutua."

Akasimama wima katikati ya uwanja, mkono juu. "Niko, Mwalimu!"

Wenzake wakaanguka kwa kicheko. Mwende alikaa chini kabisa. Na Mbithe, mkono bado juu, alinigeukia uso wote, akicheka, akinitazama mimi. Nikabonyeza.

Imetoka na ukungu kidogo. Upande mmoja wa kikapu umekatwa. Ungenichambua mpaka jioni. Sijamwonyesha mtu, wala sitaipeleka ukumbini, kwa sababu atatokea wa kuniambia inafanana na zako.

Lala salama, rafiki yangu. Naahidi sitakaa tena kwenye kreti yako, na usinishukuru, si kwa heshima. Naahidi pia kwamba Jumamosi nitawaita wote kwa majina, kuanzia nahodha mpaka wa akiba, na kila mmoja atanijibu.

Wako,
Mwalimu