Nani Atamwaga Mbegu Kwanza

Jumatatu, 6 Januari 2025

Mvua imeshalainisha ardhi yote ya Michenga, na hakuna aliyemwaga mpunga. Hata mmoja! Dukani kwa Twalib kila mtu anamwambia mwenzake aanze. Atakayepanda peke yake, mpunga wake utaiva peke yake, na ndege kwelea wa bonde zima watatua kwake. Tukichelewa sote, mto utafurika miche ikiwa mifupi.

Mto naujua. Ndio uliozoa kijiji chetu, mimi na marehemu mke wangu Levina tukaenda kuzeekea Uchindile, milimani kwenye miti ya kupandwa. Nimerudi bondeni mwaka jana. Jaruba moja la mpunga, la kukodi. Likikosa, narudi huko kula kwa mwanangu Adolf — na sitashuka tena.

Jumanne, 7 Januari

Nimefungua kile kitabu changu kilichotoka jalada, cha nadharia ya michezo: hesabu ya jinsi watu wanavyoamua huku wakitazamana. Sura ya tatu — ni sisi! Nimechora mraba wa vyumba vinne: mimi napanda au nangoja, wenzangu wanapanda au wanangoja. Tukipanda sote wiki moja, ndege wanatawanyika na kila mtu anavuna. Tukingoja, hakuna anayefaidika kwa kuanza peke yake. Tumekwama. Mraba huohuo unaeleza watu wanaokimbilia kutoa fedha benki, na mataifa yanayoogopa kutangulia kuweka silaha chini. Hata kwelea wenyewe: kila mmoja yu salama akiruka na kundi. Aliyeandika pengine hajawahi kukanyaga tope la mpunga — na anamjua jirani yangu Mbuke! Nimeduwaa mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 8 Januari

Nimependekeza dukani: Jumamosi, sote. Wamekubali haraka mno. Mbuke kacheka. "Shikamoo babu! Sote, ila wewe utangulie kidogo, tuone ndege wa mwaka huu wanapenda mbegu gani." Twalib kasema kuahidi ni bure, hata yeye anaahidi, na hana shamba.

Alhamisi, 9 Januari

Ahadi huaminika mtu anapojifungia njia ya kurudi. Nimeloweka mbegu. Zote! Kwenye ndoo, mbele ya nyumba, njia ya kisimani. Mbegu iliyochipua haingoji: inamwagwa au inaoza. Mbuke kapita, kachungulia. Kaniuliza kama nina homa. Nikasema Jumamosi. Safari hii hakucheka.

Jumamosi, 11 Januari

Naandika nikiwa juu ya tuta. Mbegu zimetoa ncha nyeupe. Majaruba yote matupu, maji yametulia. Nimesita.

Mtu anakuja — Mbuke, gunia kichwani, maji yanamchuruzika shingoni. Maji! Basi naye aliloweka. Lini? Kabla hajaiona ndoo yangu, au baada?

Ametua gunia ng'ambo ya tuta. Kaingiza mkono. Wangu wa kushoto umo ndooni. Ananitazama. Nyuma yake, njiani, wamesimama wengine. Siwezi kuona wamebeba nini. Wanatutazama sisi wawili. Hajamwaga. Nami —