Alama za Kamba Mikononi mwa Mzee Salumu

Jumanne. Mvua imekatika, bonde la Jangwani bado maji. Nina hasira, na ninaandika nayo.

Leo nimemwosha Mzee Salumu, aliyefia kwenye nyumba moja ya kulelea wazee huko Magomeni. Kwa kuosha maiti, Kariakoo nzima hakuna anayenifikia. Waulize wazima, wengine nishawazika. Nikamgeuza. Mgongo umeoza kwa vidonda. Mikononi, alama za kamba.

Kamba! Mtu mzima kafungwa kitandani kama mbuzi wa sikukuu.

Muosha hasemi alichokiona. Aibu ya maiti ni siri, ndivyo nilivyofundishwa, na mimi mdomo wangu haujawahi kufunguka.

Natoka nje ya pazia, namkuta msimamizi wa nyumba ile, kaja kutoa pole na suti yake ya mikono mifupi. Akaniinamia sikioni: "Shikamoo mzee. Muosha hasemi, au siyo?"

Mtu huyu hajui hata maiti analazwa kuelekea wapi. Hilo moja kalijulia wapi? Kalijua kwa sababu linamfaa.

Sikumjibu marahaba.

Nikasema sanda haifungwi mpaka balozi wa nyumba kumi aje aone. Ndugu wa marehemu wakanirukia. Mtoto wa marehemu analia, "Baba mkubwa, mfunike baba, unamdhalilisha!" Nikamwambia, "Aibu ya baba yako naifunika mimi. Kamba si yake. Kamba ina mwenyewe." Mmoja akaropoka eti uzee umenipanda kichwani. Mjinga, atakuja mikononi mwangu.

Balozi akaingia, akatoka kashika mdomo, akaenda moja kwa moja polisi. Msimamizi? Keshaondoka, hata kahawa hakunywa.

Maziko yamesogezwa, mtaa mzima umenuna. Wanune.

Jioni nikaenda Magomeni, maana ndugu yangu Shomari naye yumo humohumo. Mlinzi akanifungia geti: "Amri ya msimamizi, mzee." Nikamwita Shomari kwa sauti yangu hii, ambayo hata pale viwanja vya Mnazi Mmoja haihitaji kipaza sauti.

Hakuitika.

Masikio yake mabovu siku nyingi. Itakuwa hakusikia.

Itakuwa.

Kukicha naenda na balozi na askari. Wafungue geti au tulivunje. Kafuri ya maiti naiacha nyumbani, makusudi: naenda kumtoa Shomari, si kumwosha.