Mama anauliza Hilary anapita bahari gani

Dada Oktavia, shikamoo. Mwenzio nimechoka, nisaidie kabla sijasema neno la kumuua mama yangu.

Nimeolewa Makambako, nauza viazi pale, lakini tangu mama augue nimefunga kibanda nikahamia kwake Mjimwema, Njombe, kumwogesha na kumpikia. Hospitali ya Ikonda walisema uvimbe wa tumboni utolewe mapema, mama akakataa katakata, anasema katika ukoo wetu mtu mzima hapasuliwi mpaka kifungua mimba wake amshike kichwa amwombee, na kifungua mimba ni kaka yangu Hilary, yuko Toronto, Kanada, naye alimwambia kwenye simu, "Nakuja, mama," halafu akanipigia mimi pembeni kwamba haji, karatasi zake za kuishi kule hazijakaa sawa, akitoka hawamruhusu kurudi, ila nisimwambie mama. Basi kila akiuliza nikawa namjibu ni mbali, bahari ni kubwa, ndege iko njiani, na mama hajawahi kuvuka Makambako, akakubali, wiki zikapita. "Bado yuko baharini?" "Bado, mama."

Jumapili wakaja kanisani wageni wa usharika rafiki, Wakanada. Mmoja akasimama kusalimu, akasema waliondoka kwao Alhamisi, na Jumamosi walikuwa wameshafika Njombe. Watu wakapiga makofi. Mama akanigeukia. Nyumbani akaniuliza, "Hao walipita bahari gani?" Nikaenda kuchochea moto. Tangu hapo haulizi chochote, uji anaonja tu, na tumbo linazidi kuvimba. Nikisema ukweli atakata tamaa afe, nikinyamaza atakufa vilevile. Nifanyeje jamani?

Yudita, Mjimwema

Marahaba, Yudita. Pole sana, mdogo wangu, umeachiwa kazi ya watu wawili.

Toronto mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu kumi na mbili, na ndege unabadilisha, lakini kwa siku moja na ushee umetua. Ongeza siku ya basi kupandisha huko kwenu, basi. Mama hazijui hizo kilomita, ila wageni kawaona kwa macho yake. Anajua unamdanganya! Unaogopa ukweli utammaliza, kumbe anakaa na mtoto asiyemwambia kitu, na hilo ndilo linalomkatisha uji. Hapo umekosea, usininunie.

Na huyo Hilary asijifiche nyuma ya kanga yako. Leo jioni mpigie, mwambie aseme mwenyewe. Mpe mama simu, wewe toka nje. Kama ni kuomba, aombe hukohuko simuni, Mungu hadai viza.

Asipopokea, usimngoje. Kaa kitandani kwa mama, umwambie, "Mama, Hilary haji. Nipo mimi." Usimtetee kaka yako, usieleze habari za karatasi. Atalia, mwache alie. Akimaliza, muulize kama mkono wako unatosha. Akikubali, mshike kichwa umwombee, na asubuhi mpande gari la Ikonda. Akikataa, mpande hivyo hivyo, mtabishana njiani.