Siku Mama Alipokula Mbele ya Mgeni

Nyumbani Khadira,
Njia ya Rajagaha,
Mwezi wa Shravana, mvua zikiwa zimepamba moto.

Mpendwa mdogo wangu Vasumati,

Itangazwe kwa watu wote pamoja na ng'ombe wao kwamba mama amekula wali wa maziwa na samli mpaka akacheua. Nimetangaza. Sasa naweza kukusalimu kama mtu mwenye adabu.

Hujambo wewe, shemeji na watoto? Kifua cha mkweo kimepoa? Sisi wazima. Paa linavuja pale pale nilipoliziba mwenyewe, na mke wangu anasema siku hizi tumbo langu linafika kwenye moto wa sadaka kabla yangu.

Ndugu yetu Uttiya amekuja. Usishangilie upesi, hakurudi nyumbani. Unakumbuka alivyonyoa nywele, akauacha moto wa baba na nyimbo zote za Veda tulizokaririshwa, akawafuata wale watawa watembezi wasiopika wala kuua mdudu. Wakati wa mvua hawasafiri, wasije wakakanyaga viumbe, basi wametua shambani kwa mfinyanzi. Asubuhi hupita na bakuli la kupokelea chakula, kimya, mlango kwa mlango.

Mama aliposikia, akapika. Uttiya akasimama mlangoni, amekonda kama kuni, akauliza, "Hiki kimepikiwa nani?"

Nilimkonyeza mama aseme ni cha ndama. Lakini mama na uongo, wewe unamjua. "Chako, mwanangu. Cha nani mwingine?"

Akainamisha kichwa, akaenda zake. Wao hupokea mabaki tu. Kilichopikwa kwa ajili yao ni mwiko. Na sisi, tangu enzi za babu, mgeni akiwa hajala hatutii tonge kinywani. Ikawa yeye anangoja mama ale kwanza, na mama anangoja yeye. Kila siku hivyo hivyo. Mama akaanza kutembea akishika ukuta. Niliogopa, Vasumati.

Nikamfuata shambani. "Wewe huui hata sisimizi," nikamwambia, "ila mama unamuua."

"Kaka, mimi sijamkataza kula. Ni nyinyi na Veda zenu."

"Na wewe umekatazwa na bakuli."

"Kweli. Ila angalau mimi mwiko wangu unaonekana mwilini," akasema, akilitazama tumbo langu. Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Watu wa msafara watakaokuletea barua hii wanafunga mizigo, kwa hiyo nisalimie shemeji, mkweo, na shangazi Sujata ukimwona. Wasafiri hawa watakusimulia kwamba kaka yako alimshinda mtawa kwa hoja. Mzee Garga, jirani yetu, ndiye anayeeneza habari hizo, na hata kaniletea ndizi za pongezi. Ndizi nimekula. Ukweli ni huu.

Juzi mama aliamka akajipikia mwenyewe, kwa njaa yake. Uttiya alipofika, mama alikuwa amekaa kizingitini, chungu mapajani, anakula. Mjane wa kuhani, mbele ya mgeni, na moto wa mumewe unawaka nyuma yake. Mimi kuhani nilipaswa kumzuia. Niligeukia moto nikaimba kwa sauti kubwa, tena nikikosea maneno.

"Mama, unakula?" Uttiya akauliza.

"Si unaona? Nina njaa. Wewe unatazama nini kinywani mwangu?"

Akala bila haraka, akashiba, akanawa. Ndipo akainua chungu. "Hiki ni changu, na kimebaki. Usipokichukua nawapa kunguru."

Uttiya akanyoosha bakuli. Mama akalishika kwa mkono mmoja, akapakua kwa mwingine. Mimi nilikuwa bado naimba, lakini wimbo wenyewe nilishausahau.

Mvua ikunyeshee kwa wema, na moto wa nyumba yako usizimike.

Ni mimi kaka yako nikupendaye,
Somila