Mgonjwa wa Kitanda cha Saba

Durban, 1 Juni

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo huko? Goti la Baba linaendeleaje? Mimi mzima, ila nimechoka hoi. Kutwa nachukua damu wodini. Wagonjwa mia ndio wanaotakiwa kwenye daftari la mazoezi ili nihitimu, nami nimefikisha themanini na tisa.

Sasa nimeharibu. Mzee wa kitanda cha saba ana jina lile lile la Baba. Kanuni ni mgonjwa aitwe kwa jina kamili, aitike, ndipo achomwe. Mimi, mke wa mwanawe Baba, niliyefunzwa kwamba jina la mkwe halitamkwi, ningelitamkaje? Nikatazama namba ya kitanda, nikachoma. Kumbe alikuwa amebadilishana kitanda na jirani yake kwa ajili ya baridi ya dirishani! Watu wa maabara ndio waliogundua kwamba kundi la damu halilingani na lililoandikwa zamani. Nusura mzee aongezewe damu isiyomfaa.

Msimamizi wetu, Sista Khuzwayo, amenisimamisha. "Tarehe kumi na mbili utamwita mbele yangu. Ukishindwa, rudi kwenu ukafuge kuku."

Nifanyeje, Mama?

Mkamwana wako,
Hlengiwe

Nongoma, 7 Juni

Makoti wangu, mkamwana wangu mpendwa,

Marahaba. Hatujambo. Goti ni lile lile, na mwanao Lwandle anakula vizuri.

Barua yako imenitia aibu, maana aliyekufunza kulinyamazia jina hilo ni mimi. Nilimsomea Baba. Akaweka kikombe cha chai chini, akasema, "Heshima gani hiyo ya kuua mzee wa watu? Aliite, tena kwa sauti!"

Basi liite. Mimi huu mwaka wa arobaini na moja wa ndoa sijalitamka jina la mume wangu. Ukishaliita, niambie linakaaje mdomoni.

Mama mkwe wako,
MaZungu

Durban, 13 Juni

Mama,

Shikamoo. Mmeamkaje?

Jana nilisimama mbele ya mzee, Sista nyuma yangu kakunja mikono. Nikasoma namba ya kitanda, nikarudia kuisoma. Mzee akanitania, "Binti, hata jina nimenyimwa?" Nikaliita lote, pamoja na la ukoo. Akaitika, akanyoosha mkono. Mshipa niliupata mara moja. Sista akatia sahihi ya tisini kwenye daftari langu.

Nikaenda msalani nikalia. Sijui ilikuwa aibu au uchovu tu.

Uliniuliza. Ni jina jepesi, Mama, na ni zuri. Siku ukibaki peke yako nyumbani, liite.

Mkamwana wako,
Hlengiwe