Leseni ya Ukutani

Mtaa wa Aggrey,
Kariakoo, Dar es Salaam.
Jumapili, 4 Agosti 2024

Mwanangu mpendwa Heriel,

Marahaba, baba, maana najua shikamoo yako iko njiani. Joto la Maskati unaliwezaje? Unakula? Sisi wazima. Baba yako hajambo, goti tu linamsumbua akipanda ngazi. Bibi yako Klara hajambo, anakuulizia kila asubuhi kana kwamba umetoka jana. Dada yako Nice hajambo, ila kakonda. Na jirani yetu Moza hajambo, ndiye anayekuletea barua hii, anapanda ndege kesho. Kwenye simu maneno yananikimbia.

Nice akienda bandarini kufuatilia mzigo, dukani nakaa mimi. Kompyuta zetu tunauza tupu, hazijapigwa windo, ile programu ya Windows ya kuziendeshea. Nazifungua zote mezani, vioo vyeusi, halafu naona humo mikokoteni inapita, kanga, mawingu, kama vitu vinavyopita chini ya maji. Wateja wananiita mara mbili ndipo nisikie.

Awadhi wa duka la pili hanichoki: "Mama Heriel, unauza nyumba haina mlango!" Yeye ana flashi moja, anapigia windo mashine zote, inazunguka kama kata ya mbege kwa wanywaji pombe. Nice hataki. Anasema ile ya kunakili ni wizi, ina wenyewe.

Sasa sikia kosa langu. Jumatano alikuja Sista Severa wa shule ya wasichana, anataka kompyuta kumi na mbili. Akauliza, "Mama, hizi zina leseni?" Nikamwonesha ukutani leseni yetu ya biashara, na fremu yake, na muhuri. "Ile pale, Sista, hata mwaka haujaisha." Akaiangalia kwa mbali, akanibariki, akaenda zake.

Nice aliporudi akashika kichwa. "Mama! Ameuliza leseni ya windo, wewe unamwonesha ya duka?"

Jana Sista kanipigia kushukuru. Ameshawaandikia wafadhili kwamba kila mashine ina leseni yake. Nikaitikia tu, "Amina, Sista," nikakata simu. Anakuja kuzichukua Ijumaa.

Awadhi kasema, "Lete nizipige chapchap, nani atajua?" Mwanangu, sikufichi, nilibeba mbili mpaka mlangoni kwake. Nikawaza jina la Sista kwenye ile barua aliyowaandikia wafadhili, yeye ndiye ataitwa mwongo. Nikarudi nazo.

Mchana ule nikasinzia kwenye stuli. Nikaota wasichana wa Sista wamefungua zile mashine, na ndani yake kuna ukungu wa kwetu Machame na migomba inalowa, wanaingia mmoja mmoja, wala mlangoni hakuna anayeulizwa karatasi.

Nice anasema ipo programu nyingine ya bure, inaitwa Linaksi, wenyewe wameridhia kila mtu aitumie. Mimi naogopa. Kariakoo hata upepo wa tairi unalipiwa, hiyo itakuwaje ya bure?

Wote hapa wanakusalimu, baba yako anasema usiache kusali. Mungu akufunike kwa mkono wake, kazini na njiani.

Sista nitamwambia mwenyewe kwamba nilionesha ukutani kwa kutojua, hata akiamua kuziacha. Ila nisimwendee mikono mitupu. Nijibu upesi kwa simu, baba, kabla ya Ijumaa: hiyo ya bure nayo ina leseni? Na kama inayo, nimwoneshe wapi?

Mimi nikuwazaye kila saa,
Mama yako