Geuza Kanda, Mtani

Kolo, 4 Mei 2025

Mtani wangu Seth, mbukwa.

Mbukwa tena, maana salamu ya kwanza najua umeiacha ipite kama kawaida yako siku hizi. Hujambo wewe na magoti yako? Sisi huku wazima. Mwajabu anakusalimu. Mahindi yamekomaa, yangu makubwa kuliko ya majirani wote, na majirani wenyewe wanakiri, ila wakiwa wamelala.

Nakuandikia kwa kidole kimoja na kosa ni lako. Nikikupigia hupokei. Nikikutumia sauti hujibu. Unasema niandikie. Mimi, mtu niliyefukuzwa ngumbaru kwa kumsahihisha mwalimu! Haya, naandika.

Habari yenyewe ni ile podikasti yetu. Loisi mjukuu wako ananiambia watu wanaotusikiliza wangekusanyika hapa Kolo wangemaliza visima. Wazee wawili, nyimbo za roki za miaka ya tisini, chumba chake cha chuo kule Chimwaga chenye godoro limeegemezwa mlangoni sauti isitoke. Kiingereza hatujui hata cha kuombea maji, kwa hiyo tunazielewa zaidi. Na jina nilitoa mimi, usijisahaulishe. "Geuza Kanda." Ile ishara yetu ya kibandani mikono ikijaa: kiganja chini, kiganja juu, mwenzio anajua upande umeisha.

Mimi kile kibanda chetu cha kurekodia watu kanda pale stendi ya Dodoma nakiota mpaka leo. Yule mzungu aliyekuja kuchunguza michoro ya mapangoni huku Kolo alituachia mfuko wa kanda akaenda zake kwao. Tukaangalia picha za wale vijana, nywele ndefu, wamevaa mashati yale yale ya mabokisibokisi tuliyokuwa tunayachambua kwenye mitumba. Nikasema hawa maskini wenzetu. Tukaweka ya kwanza. Gitaa likaanza polepole kama mtu anatafuta kiatu gizani, halafu likapasuka. Mimi niliruka, nikajua redio imeungua. Wewe hukuruka. Ulisimama mdomo wazi, ukasema, "Mtani, hawa wameweka utando wa buibui ndani ya gitaa."

Tukauita wimbo ule Trekta Linalia, na madereva wa Kondoa walitugombania tuwarekodie.

Wasikilizaji walikupenda siku ulipowaeleza maneno yale. Ile ilimba ya marehemu baba yako, kisanduku chenye vyuma vya kupiga kwa vidole gumba, na kitundu ubavuni alichokiziba kwa utando wa buibui ili mlio ungurume. Na jinsi mzee alivyokuwa akiitengeneza penye kelele za pombe, anaing'ata ukingo kwa meno ndipo aisikie. Mimi nikasema baba yako alikuwa na njaa tu.

Sasa tangu nirudi huku kuvuna, mimi natuma sauti yangu, Loisi anakufungulia, wewe unajibu, yeye anaunganisha. Na unajibu nini? Nimesema gitaa lile linalia kama fisi, ukasema ndiyo. Nikasema linalia kama Mgogo aliyenyimwa ugali, ukasema ndiyo. Mgogo mzima! Umaarufu umekupanda kichwani, ama vipi?

Jibu haraka, tufanye Trekta Linalia.

Mtani wako,
Msafiri


Chamwino, 11 Mei 2025

Kwa mtani Msafiri,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji Mwajabu. Magoti yangu yanakushukuru kwa kuyaulizia. Sisi tunamshukuru Mungu.

Kazi zimekuwa nyingi. Wimbo ule ufanye mwenyewe, wewe maneno hayakuishii. Mimi nimechoka kidogo na mambo ya kipindi.

Usinipigie, niandikie tu.

Ndugu yako,
Seth


Kolo, 13 Mei 2025

Mtani, salaam. Afya yako siulizi leo, maana nimeshajua huna.

Umechoka na Trekta Linalia? Mtu uliyekesha kibandani unarudisha kanda nyuma kwa kalamu ili usimalize betri? Basi Seth ninayemjua mimi amekufa. Na mtani asiyejibu utani ni maiti, na maiti kazi yake naijua. Nani alivaa shati la marehemu kaka yako pale msibani akatembea kama yeye mpaka wajane wakacheka? Nani alilala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kuku? Nimezika Wagogo wengi mimi, na wote waliniridhia.

Basi na wewe nakulilia. Sikiliza kipindi kijacho.

Mtani wako mfiwa,
Msafiri


Chamwino, 2 Juni 2025

Kwa mtani Msafiri,

Salamu. Mimi mzima. Naanza na hilo kwa sababu Chamwino nzima wamelazimika kulithibitisha kwa kunigusa.

Ulinililia vizuri, sikatai, nimeambiwa. Loisi anasema mwisho wa kipindi ulicheka ukasema nipo hai, ni utani. Ila kuna mtu alikata kile kipande cha kilio peke yake akakirusha kwenye magrupu ya huku. Watu wakapiga simu kuuliza. Simu haipokelewi. Wakasema basi ni kweli.

Dada yangu Devota katoka Mvumi, khanga kiunoni, kuku wawili mkononi. Kwaya ya kanisani wamekuja. Wamejaa uani kwangu. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba kwenye kigoda, napukuchua mahindi. Wanawake wamelia, Msafiri. Kwaya wameimba wimbo wa kwanza wakaumaliza, wameimba wa pili. Mimi napukuchua. Devota alizunguka nyuma kutafuta kuni za msiba, akanikuta. Akaanguka chini. Niligeuka kwa sababu nilihisi ardhi imetikisika miguuni.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na kuku wote wawili wamewala. Devota hakucheka. Alikaa mbele yangu akanishika kidevu, nikausoma mdomo wake. "Kaka, hukutusikia?"

Sikuwasikia. Sasa na wewe ujue.

Lilianza sikio la kushoto, kabla ya Krismasi, la kulia likafuata. Daktari ameniandikia kwamba kuna mifupa midogo ndani ya sikio, yangu imeganda, sauti inagonga mlango lakini hakuna wa kufungua. Kifaa cha sikioni wameniambia nisubiri. Kwenye kipindi nilikuwa namwangalia Loisi usoni. Akicheka nacheka. Akitulia nasema ndiyo. Yeye hajui.

Huruma yako siitaki, huna uzoefu nayo. Ila kuna kitu kimoja kinaniuma. Trekta Linalia nimeufungua kwenye simu, nimeubana sikioni mpaka sikio likachomwa na joto la simu. Hakuna kitu. Naona kimwanga kinacheza tu. Nilidhani mimi ndiye nitaziacha hizi nyimbo duniani, kumbe zenyewe zimetangulia.

Ndugu yako,
Seth


Chamwino, 19 Juni 2025

Mtani Msafiri, salamu kwako na shemeji.

Kimya chako kimeniogopesha kuliko kilio chako. Hujawahi kunyamaza hivi hata ulipong'olewa meno.

Kama unajilaumu kwa ule msiba, acha. Usingenizika, ningekuwa bado namdanganya mtoto. Nimemwambia Loisi. Alinishika mkono, akakaa. Nimemwomba tufanye kipindi cha kuaga, kisha afunge. Siwezi kukaa mbele ya watu nikisifia kitu nisichokisikia. Hiyo ni kazi yako.

Andika hata tusi.

Ndugu yako,
Seth


Chamwino, 30 Juni 2025

Mtani Msafiri,

Mbukwa. Natumaini basi limekurudisha Kolo salama na mgongo umenyooka. Mimi afya njema. Devota yuko hapa, anasema amekusamehe ila kuku wake utalipa.

Naandika mapema kwa sababu nakujua. Hivi sasa uko Kolo unawaambia watu kwamba umemfufua Mgogo. Wacha niweke ilivyokuwa, na uongo wako ujipime hapa.

Ulishuka kwenye basi hapa Chamwino na sanduku kichwani, manyoya ya kuku yanakuangukia mabegani. Hukusalimu mtu. Sanduku lenyewe ni lile spika la mbao la kibanda chetu, moja kati ya yale mawili. Nilijua uliyachoma kuni zamani. Kumbe kuku wako wamekuwa wakitagia humo miaka yote. Ukaunga nyaya kwenye ile redio kaseti aliyokufufulia Hamza fundi wa huko kwenu. Loisi kaja kutoka Chimwaga, kasimama tu hajui acheke au azuie. Ukatoa kanda mfukoni, kanda yenyewe, ukaiweka. Halafu ukachukua kijiti ukaandika mchangani neno moja: ng'ata.

Nilikataa. Mimi mzee wa kanisa, nikang'ate kiota cha kuku mbele ya mjukuu wangu. Ukainama tena, ukaandika chini yake: baba yako.

Ndipo nikapiga magoti. Yale magoti unayoyauliza.

Mwanzo ilikuwa ladha ya vumbi na mavi ya kuku, basi. Halafu meno yakaanza kuwasha. Halafu kitu kikapanda kwenye taya, kikapita nyuma ya macho, kikaja kukaa katikati ya kichwa, taratibu, kama mtu anatafuta kiatu gizani. Nikajua ni nini. Nikataka kukuambia, lakini nikiachia mdomo kinakimbia. Nikang'ang'ania.

Likapasuka.

Msafiri, zamani tulikuwa tunausikia wimbo ule unatoka kwenye spika unatufuata. Safari hii haukutoka popote. Ulikuwa mle mle. Kama kuna mtu amekaa ndani yangu tangu stendi, ameshika gitaa, ananisubiri ninyamaze. Na ule mngurumo, nakuapia, niliuona. Nimefumba macho nikauona utando, mweupe, mwembamba, unatetemeka wote bila kukatika, na mfupa wa kichwa changu ndio sanduku lake. Mwimbaji sikumpata vizuri. Maneno yake hatukuwahi kuyajua, hakuna hasara.

Baba alifanya jambo hili mbele yangu utoto wangu wote, na mimi nikaligeuza hadithi ya kuchekesha watu. Sikuwahi hata siku moja kuomba nami ning'ate.

Mengine yaliyotokea pale sikuyaona. Nielezee, na usiongeze.

Ndugu yako,
Seth


Kolo, 6 Julai 2025

Mtani wangu Seth, mbukwa na amani iwe juu yako na juu ya Devota, hata kama ananidai kuku.

Sisi wazima. Mwajabu peke yake ndiye ana wasiwasi, ameniuliza kama naumwa, maana tangu jana sijasifu kitu.

Barua yako yote kweli isipokuwa mavi ya kuku. Nilisafisha. Yaliyobaki ni ya zamani.

Kimya changu ulichouliza, mtani, kilikuwa hivi. Niliposoma kwamba nyimbo zimekutangulia, nilikaa na simu mkononi, kidole kikakataa kuandika. Nikaenda kuwatoa kuku kwenye spika.

Sasa ulichokosa kuona. Ulipolishika lile sanduku kwa meno, Loisi aliweka kiganja mdomoni. Watu wako wa kwaya walikuwa wamejaa kwenye ua, wamekuja kuchungulia kama safari hii umekufa kweli. Gitaa lilipopasuka wao waliruka kama nilivyoruka mimi zamani. Wewe hukuruka. Mabega yako yalishuka tu, polepole, kama mtu ametuliwa mzigo aliosahau kuwa kaubeba. Uso wako sitausema. Nimesimulia simba niliowaua ambao hawakuwahi kuzaliwa, lakini uso ule nikijaribu kuusimulia nakwama.

Upande ukaisha. Redio ikapiga tak, ikanyamaza. Loisi akanitazama, na mimi nikajua sasa utaachia, utakaa chini, tutaanza kuagana. Hukuachia. Macho umefumba, meno kwenye mbao, ukanyoosha mkono wa kulia. Kiganja chini. Kisha juu.

Mtani, nilikimbia kuigeuza ile kanda kama nina miaka thelathini.

Nilipofika nyumbani sikulala vizuri. Nikasema huyu Mgogo ananipita kitu. Jana nikamtoa kuku kwenye lile spika la pili, pacha lake, nikalipeleka kwa Hamza. Nikamwambia weka Trekta Linalia. Nikajaza pamba masikioni, nikafunga na kilemba juu. Hamza anacheka, naona tumbo lake linaruka, simsikii. Nikang'ata. Meno ya mbele nimebakiwa na manne, nikayakita yote mbaoni.

Ilipofika, niliufahamu utando. Upo, mtani. Miaka yote nimekutania mbele za watu kwa utando ule, na nyimbo hizi nimezisifu mpaka nikazitungia maana, na kumbe nilikuwa nimesimama nje ya nyumba nasifia bati. Nilipofungua macho Hamza alikuwa hacheki tena. Alinisogeza pembeni akapiga magoti, akang'ata na yeye.

Nimezoea kila kitu nakitia chumvi. Hiki nimekizunguka toka jana na chumvi mkononi, sioni pa kuitia.

Mwambie Loisi asifunge kitu. Jumamosi nakuja na hili la pili. Atusogezee godoro mlangoni, atuwekee masanduku mawili, moja kwako, moja kwangu, na mimi nitaweka pamba. Wasikilizaji watasikia wazee wawili wamenyamaza wimbo mzima, kisha ndio tutawaambia tumesikia nini. Utaanza wewe. Mimi nitasema ndiyo.

Mtani wako,
Msafiri